Kabla Scratch Haijaingia Darasani: Maandalizi kwa Shule za Kigoma

Mwalimu wa TEHAMA anayetaka kuanza Scratch hapa Kigoma, swali lake la kwanza huwa bando: intaneti ya watoto wote hawa itatoka wapi? Liweke kando kwanza. Scratch inafanya kazi bila intaneti, na kwa muhula wa kwanza ningeshauri usiiguse intaneti kabisa. Vipindi huharibiwa na mambo madogo kuliko hayo: kompyuta ambayo haijawashwa tangu ipokelewe, ekstensheni isiyofika kwenye meza ya mwisho, faili lililobaki kwenye simu ya mwalimu. Karibu yote hayo yanamalizwa kabla mtoto hajaketi.

Kwa asiyeijua, Scratch ni programu ya bure inayomfundisha mtoto kuiamrisha kompyuta kwa kupanga vipande vya rangi, kimoja chini ya kingine, badala ya kuandika mistari mirefu ya maandishi. Ilizinduliwa mwaka 2007 na kikundi cha Mitchel Resnick katika maabara ya Media Lab ya MIT, Marekani, na walengwa wake ni watoto wa miaka 8 hadi 16. Wadogo zaidi, wa miaka 5 hadi 7, wana ScratchJr, ambayo vipande vyake vina picha tu, kwa hiyo hata asiyejua kusoma anaimudu.

Anza na mashine, moja baada ya nyingine. Toleo la tatu, lililotoka Januari 2019, linahitaji Windows 10 au ya baadaye. Kompyuta nyingi za shule zimekuja kama msaada baada ya kutumika kwingine, hivyo usishangae kukuta Windows 7. Usizitupe. Toleo la zamani, 1.4, linakwenda vizuri kwenye mashine dhaifu na mambo ya msingi yote yamo. Mtego uliopo ni huu: toleo jipya linafungua kazi zilizotengenezwa kwenye la zamani, lakini la zamani halifungui za jipya. Mtoto aliyeanza kazi kwenye kompyuta mpya, wiki ijayo akikalishwa kwenye ya zamani, ataambiwa faili halifunguki na atadhani ameharibu yeye. Ama chumba kizima kitumie toleo moja, ama kila kikundi kiwe na mashine yake ya kudumu. Vishikwambi vya Android 6 na kuendelea vinafaa, na vile walivyogawiwa walimu baada ya Sensa ya 2022 ni vya kujaribu. Simu ya mkononi achana nayo. Sehemu ya kupangia vipande haikutengenezwa kwa kioo kidogo namna ile.

Programu yenyewe pakua mara moja tu kutoka scratch.mit.edu, iweke kwenye flashi, kisha uisambaze. Flashi hiyo isipite steshenari kwenye kompyuta ya kuchapishia, maana ndiko virusi vinakookotwa. Ukishasakinisha, zima intaneti yote na ufanye somo lako zima peke yako, tangu mwanzo hadi kuhifadhi, kwenye mashine ile ile watakayotumia watoto. Hapo ndipo utagundua kwamba nyongeza ya kusoma maandishi kwa sauti na ile ya kutafsiri zinataka mtandao, wakati ya kuchora kwa kalamu na ya muziki hazina haja nao. Sauti nayo ifikirie. Mhusika wa kwanza anayekuja na Scratch ni paka, na kompyuta kumi na tano zikilia "miau" kwa pamoja, darasa la jirani litakuletea malalamiko kabla ya kengele.

Umeme. Wenyeji wanakumbuka miaka ambayo mkoa huu uliendeshwa kwa jenereta za dizeli, kabla ya gridi ya Taifa kutufikia, na tabia ya kujihadhari iliyobaki tangu enzi zile ni nzuri. Kubaliana na mwalimu mkuu ni nani ananunua uniti za LUKU, kwa sababu chumba cha kompyuta kinazila upesi. Laptopu zichajiwe jioni ya siku iliyotangulia. Masika yakishika, radi za huku si za kutania: wingu likifunga upande wa ziwa na ngurumo zikaanza, chomoa kila kitu ukutani, kipindi kiishie hapo. Ndiyo maana kila somo linapaswa kuwa na nusu yake isiyotumia kompyuta, iliyoandaliwa tayari.

Nusu hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo bora. Chora uwanjani mstatili mkubwa kwa kijiti, uweke alama katikati, mtoto mmoja awe paka na wenzake wampe amri kutoka kwenye kadi za maboksi: nenda hatua kumi, geuka nyuzi 90, rudia mara nne. Paka asikisie, afanye alichoambiwa tu. Watagongana, watacheka, na watakuwa wameelewa kwamba mashine haina akili ya kujazia yaliyosahauliwa.

Pia uwanja huo unawaandaa kwa hesabu. Jukwaa la Scratch, yaani sehemu ya skrini ambamo paka anatembea, lina upana wa 480 na kimo cha 360, na sifuri iko katikati, maana yake kushoto ni namba hasi na chini ni namba hasi. Kama darasa lako halijafika huko, wafundishe kidogo kwanza, la sivyo paka atatokomea pembeni na hakuna atakayejua kwa nini. Vilevile pembe: katika Scratch, 0 ni juu na 90 ni kulia. Mtoto aliyezoea kuanza kupima pembe kutoka mstari wa kulia atachanganyikiwa, na ni haki yake.

Kuhusu lugha, Kiswahili kimo kwenye orodha ya lugha za Scratch. Shule ya msingi ya serikali, ambako watoto wengi wametoka nyumbani na Kiha na masomo wanayapata kwa Kiswahili, haina sababu ya kuwapa vipande vya Kiingereza siku ya kwanza. Pitia mwenyewe kila kipande utakachotumia, uone kama maneno yake yanaeleweka kwa watoto wa Ujiji au Kasulu, na lisiloeleweka uliandae maelezo. Raha yake ni kwamba ukibadili lugha baadaye, kazi ya mtoto inabaki vilevile na vipande vinageuka maneno tu. Majina aliyoyatunga yeye hayabadiliki.

Sasa kukaa. Watoto ni wengi kuliko mashine, hilo linajulikana. Wawili kwa kompyuta ni vizuri, watatu wanavumilika, wanne mmoja wao atakuwa mtazamaji. Mmoja ashike kipanya, mwingine asome na kuelekeza, wabadilishane kila baada ya dakika kumi kwa amri yako, siyo kwa hiari yao. Ukiwaachia, kipanya kitabaki kwa mtoto ambaye kwao kuna kompyuta, na mara nyingi wasichana watajikuta wamesogezwa pembeni. Panga majina siku moja kabla. Omba pia vipindi viwili vifuatane, kwa kuwa dakika 40 zinaishia kwenye kuwasha na kutulia.

Tayarisha wazo la kazi linalotoka hapa hapa. Mifano inayokuja na programu ni mizuri, lakini mtoto wa Kibirizi ana mfano mkubwa kuliko wote mbele ya macho yake: uvuvi wa dagaa. Mtumbwi unatoka usiku, taa zinawashwa, dagaa wanafuata mwanga, wavu unashuka. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi wanapumzika, kwa sababu mwanga wa taa haushindani na wa mwezi. Hapo una kila kitu. "Kama mwezi ni mpevu, dagaa wasije, vinginevyo waifuate taa" ni sharti. Idadi ya waliovuliwa ni namba inayoongezeka, ambayo programu lazima iitunze. Dagaa kusogea tena na tena ni marudio. Na mtoto atakusahihisha wewe ukikosea jambo la ziwani, kitu ambacho hakitokei mara nyingi kwenye somo la kompyuta. Tengeneza kazi hiyo mwenyewe mpaka iende, halafu ivunje: wape watoto mtumbwi na taa tu, dagaa waachie wao.

Kuhifadhi kunahitaji utaratibu kabla ya siku yenyewe. Faili liitwe kwa darasa na namba ya kikundi, likae kwenye folda moja, na mwalimu anakili folda nzima kwenye flashi kila baada ya kipindi.

Akaunti za mtandaoni zije mwisho, kama zitakuja. Kule kwenye tovuti watoto huonyesha kazi zao, hutoa maoni na kuchukua kazi ya mwingine waiendeleze, jambo linaloruhusiwa kwa kila kazi iliyowekwa wazi. Ni pazuri, lakini mtoto asiingie kwa jina lake halisi, jina la shule wala picha yake. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, kwa hiyo waeleze wazazi kwenye kikao na uchukue idhini kwa maandishi. Badala ya kila mtoto kujisajili kwa barua pepe ya mjomba, mwalimu aombe akaunti ya mwalimu, ambayo inamwezesha kuwafungulia wanafunzi akaunti bila barua pepe na kuwabadilishia nywila wakisahau. Maombi hayo huhakikiwa kwanza, kwa hiyo yatume wiki kadhaa kabla ya siku unayotaka kuanza.