Kichwa kimoja kwa menyu, si tisa

Nilipojenga tovuti ya shule moja, kila kiungo cha menyu nilikiwekea h3 (tagi ya HTML ya kichwa cha ngazi ya tatu), kisa nataka maandishi manene. Rafiki yangu asiyeona akaifungua kwa NVDA, programu ya kusoma skrini. Akabonyeza H, herufi ya kuruka kutoka kichwa hadi kichwa: Nyumbani, Ada, Walimu, Ratiba... Mara tisa ndipo akafikia habari yenyewe. Akafungua ukurasa wa pili, tisa tena. Iliniuma sana.

Sasa menyu yote naiweka ndani ya nav, tagi ya sehemu ya viungo. Viungo vinakaa kwenye ul (orodha), kila kimoja na li (kipengele cha orodha) yake, bila tagi yoyote ya kichwa. Programu humtajia msikilizaji idadi ya vipengele, naye anajua menyu ina urefu gani. Unene wa maandishi ni kazi ya CSS, lugha ya mwonekano wa ukurasa: font-weight, basi.

Je, ukurasa una menyu mbili, ya juu na ya pembeni? Hapo kichwa kina kazi. Ndani ya kila nav weka h2 moja, mathalani "Menyu kuu" na "Masomo ya kidato cha pili". Ipe id (jina lake la kipekee), kisha iandike id hiyo kwenye aria-labelledby ya nav, sifa inayoiambia programu jina la menyu. Hutaki kionekane kwa macho? Kifiche kwa klasi ya CSS inayokibana hadi pikseli 1. Usitumie display: none, maana H haitakifikia tena.

h1, kichwa kikuu, iachie jina la ukurasa. Ukimaliza, washa NVDA (ni ya bure), funika skrini kwa kanga, ubonyeze H mpaka mwisho.