Kidonge cha usingizi cha muda mfupi: namna ya kukitumia, kuanzia usiku wa kwanza

Nimeandika haya baada ya kumsaidia shangazi yangu, aliyeandikiwa zolpidemu kwa sababu ya kukesha wiki nzima nzima. Mimi ni muuguzi, na dawa hiyo hiyo niliwahi kuitumia mwenyewe. Nilidhani maelezo ya dakika tano yangemtosha. Tuliongea jioni nzima, na karibu yote yalihusu hatua ya tatu.

1. Ijue dawa uliyopewa

Hizi dawa hazilingani. Zaleploni hupungua nusu mwilini kwa muda wa saa moja hivi, zolpidemu kwa saa mbili na nusu, zopikloni kwa saa tano. Kwa hiyo zaleploni humfaa anayechelewa kupata usingizi, lakini haimsaidii sana anayeshtuka saa tisa usiku. Zopikloni hukaa zaidi, na wengi huamka na uchungu mdomoni.

2. Mweleze daktari kila kitu

Kama unakoroma na pumzi hukatika usingizini, una ugonjwa wa ini, una mimba, uliwahi kutembea usingizini, au unatumia dawa za maumivu za jamii ya morfini, sema. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, hupunguza nguvu ya zolpidemu; ketokonazoli, dawa ya fangasi, huiongeza. Pombe usiiguse kabisa siku hiyo.

3. Meza ukiwa tayari kitandani

Hapa ndipo nilipokosea. Usiku mmoja nilimeza kidonge, nikasema nimalizie kukunja nguo huku nikisubiri usingizi unijie. Asubuhi nilikuta nimemwandikia mkuu wangu wa kazi ujumbe mrefu, na sikukumbuka hata neno moja. Nilikaa saa nyingi nikipekua simu nijue nimewaandikia nani wengine. Dawa hii huanza kuzima kumbukumbu kabla hujasinzia: unatembea, unaongea, unajibu, na asubuhi hakuna kilichobaki kichwani.

Basi meno yawe yamepigwa mswaki, mlango umefungwa, jiko limezimwa, simu iko chumba kingine. Kaa kitandani, meza, zima taa, lala. Usisubiri dalili za usingizi ukiwa umesimama.

Hesabu saa zilizobaki. Zolpidemu inataka saa saba hadi nane kamili za kulala. Ukimeza saa nne na nusu usiku, usipange kuamka kabla ya saa kumi na moja na nusu. Ukishtuka katikati ya usiku, usiongeze kidonge. Zaleploni, tofauti na vidonge vya kawaida vya zolpidemu na zopikloni, inaweza kumezwa usiku wa manane ikiwa zimebaki saa nne au zaidi za kulala, tena kama daktari amekuruhusu na usiku huo hujameza kingine. Usimeze mara baada ya mlo mzito, kwa sababu chakula huichelewesha dawa; ndipo mtu hudhani haijafanya kazi na kuongeza cha pili.

Kwa ajili hiyo sipendi pakiti ikae karibu na mto. Toa kidonge kimoja, kiweke kwenye kifuniko kidogo, pakiti uifungie kabati la chumba kingine. Ukisahau kama umemeza, kifuniko kitakujibu. Na mwambie unayeishi naye kwamba umeanza dawa hii. Akikuona unapika au unatafuta funguo za gari usiku, akurudishe kitandani, na asubuhi mwite daktari. Ukishafanya jambo la namna hiyo hata mara moja, dawa inaachwa. Mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliamuru onyo zito kuhusu hatari hiyo liwekwe kwenye maelezo ya dawa, kwa kuwa kuna watu waliojeruhiwa na hata kufa.

4. Asubuhi

Usiendeshe gari kwa kuwa tu unahisi uko macho: dawa inaweza kuwa bado inakupunguzia umakini hata ukijiona uko sawa. Mwaka 2013 FDA ilishusha dozi ya kuanzia ya wanawake kutoka miligramu 10 hadi 5 za zolpidemu ya kawaida, kwa sababu miili yao huiondoa polepole zaidi. Shangazi, kwa umri wake, pia alipewa 5, na njia ya kwenda msalani tuliiachia taa ndogo asije akaanguka. Kidonge kinachoyeyuka taratibu kisivunjwe.

5. Kuacha

Dawa hizi ni za wiki chache, mbili hadi nne. Kama umemeza kila usiku, usikate ghafla. Mwombe daktari ratiba ya kupunguza. Usiku mmoja au miwili ya kwanza usingizi unaweza kuwa mbaya kuliko mwanzo. Hayo ni mwili kuzoea upya, si ugonjwa kurudi, na watu wengi hurudia pakiti hapo hapo.

Mimi nashikilia kwamba tiba ya mazoea ya usingizi ianze siku ile ile ya kidonge cha kwanza: kuamka saa ile ile kila siku, kitanda kiwe cha kulala tu, na usiku usiomeza dawa, ukikosa usingizi, uondoke kitandani mpaka usingizi ukujie. Shangazi anaandika saa zake kwenye daftari. Wiki hii amemeza mara mbili.