Somo: Kumtambua buibui wa rangi kwenye utando wa duara

Wengi mnanitumia picha ya buibui wa manjano na kuniuliza jina lake, lakini picha imekata utando wote, limebaki tumbo tu. Rangi hudanganya. Nnabbubi, kama anavyoitwa hapa Buganda, anza kumsoma kwenye nyumba yake.

Hatua ya 1: Utando. Nenda asubuhi kabla umande haujakauka, iwe pembeni mwa njia za msitu wa Mabira au kwenye mibuni ya jirani. Simama mbali kidogo. Nyuzi zikiwa za dhahabu, sogea uzitazame upande wa kivuli. Kama bado ni za manjano, si jua hilo, ni uzi wenyewe, na huyo ni Trichonephila, kwa jina la kisayansi. Vitabu vya kabla ya 2019 vinamwita Nephila, msibishane bure. Ukiona mshono mweupe wa zigizagi katikati ya utando, huyo ni Argiope. Kazi ya mshono huo wataalamu bado wanaigombania: wengine wanasema unavuta wadudu, wengine unawaonya ndege wasiupasue utando.

Hatua ya 2: Mkao. Argiope hukaa katikati, kichwa chini, miguu ameibana miwili miwili hadi inachora herufi X.

Hatua ya 3: Tumbo. Likiwa gumu kama ganda na lina miiba, naye ni mdogo kama punje ya mahindi, huenda ni Gasteracantha au jamaa yake wa karibu.

Hatua ya 4: Mtazame akiwinda. Mimi hapa hupoteza saa nzima. Nyuzi zilizonyooka kama spoku za baiskeli hazinati. Zinazonata ni zile za mzunguko. Macho yake ni manane lakini hayamsaidii sana, kwa hiyo anasikiliza kwa miguu. Panzi akinasa, Argiope hutambua mtikisiko, humkimbilia, humviringisha kwa uzi kama mtoto mchanga kwenye kanga, ndipo humng'ata.

Maswali ya wanachama

Mama wa Bombo: Mwalimu, mwanangu amemshika huyo wa zigizagi. Ana sumu?
Jibu: Pole mama. Karibu buibui wote wana sumu, ila ya huyu kwa binadamu ni hafifu. Aking'ata, huuma kama nyuki. Osha kwa sabuni, weka kitambaa cha maji baridi. Mtoto akivimba uso au akipumua kwa shida, usingoje, mpeleke kituo cha afya.

Kijana wa boda, Jinja: Kwenye utando wa dhahabu nimeona vibuibui vidogo pembeni. Ni watoto wake?
Jibu: Yule mkubwa ni jike. Vidogo vya rangi ya hudhurungi huenda ni madume, maana dume wake ni kijitu tu. Vikiwa vinang'aa kama fedha, hao ni Argyrodes, wezi wa chakula cha mwenye nyumba.

Mkulima, Mukono: Utando umeziba njia ya shamba langu. Niuvunje?
Jibu: Zunguka, mzee wangu. Kama huwezi, kata kwa kijiti nyuzi zinazoushikilia upande mmoja tu, polepole. Ataufunga tena pembeni mwenyewe.

Mkulima: Nimezunguka. Kesho naleta picha, na utando wote safari hii.