Laini mbili, faiawoli moja: nilivyofunga kwangu Tabata

Kwangu kuna faiba ya kulipia kwa mwezi, haina kikomo, na ruta ya 4G ambayo naiwekea bando. Faiba ikikatika mke wangu huwa katikati ya kikao cha Zoom, na anayeitwa ni mimi. Nikachoka kubadilisha waya. Nikachukua kompyuta kuukuu ya Kariakoo, nikaweka pfSense, programu ya bure inayoigeuza kompyuta kuwa faiawoli, yaani mlango unaosimamia mtandao wote wa nyumba, ili faiba ikifa 4G ishike yenyewe. Lazima kompyuta iwe na matundu matatu ya waya wa mtandao: la faiba, la 4G, na la kwenda ndani ya nyumba. Yangu ilikuwa na moja tu, nikaongeza kadi ya Intel yenye mawili.

Kabla hujachomeka chochote, angalia anwani, yaani namba ya kila kifaa kwenye mtandao. Ruta zangu zote mbili zilikuja na 192.168.1.1, na pfSense nayo upande wa ndani huanza na hiyo hiyo. Hapo hakuna kitakachokwenda. Faiba niliiacha, 4G nikaipa 192.168.2.1, ndani nikaweka 192.168.10.1.

Sasa ndani ya pfSense ingia menyu ya System, kisha Routing. Hapa ndipo wengi hukwama. pfSense hupima uhai wa laini kwa kupigia kifaa kilicho jirani yake, na jirani huyo ni ruta iliyopo mezani. Nyaya zikikatwa barabarani, ruta ya mezani bado inaitika, na faiawoli inaamini mambo ni shwari. Kwa hiyo kwenye sehemu ya "Monitor IP" weka anwani ya mbali: 1.1.1.1 kwa faiba, 8.8.8.8 kwa 4G. Ila 1.1.1.1 sasa itapita faiba tu, basi usiiandike kama DNS (kitafuta anwani za tovuti) kwenye simu au laptopu, maana faiba ikianguka itaanguka nayo.

Fungua "Gateway Groups", unda kundi: faiba Tier 1 (hutumika kwanza), 4G Tier 2 (ya akiba). Ukizipa zote Tier ile ile zitagawana mzigo. Bando litaliwa kila siku, na tovuti za benki hukutoa nje zikiona anwani inabadilikabadilika. Kwenye "Trigger Level", yaani lini ihame laini, nilichagua "Packet Loss or High Latency" (data ikipotea au ikichelewa), kwa sababu faiba yangu mara nyingi haifi, inazimia tu. Kisha rudi kwenye Routing, chagua kundi hilo liwe njia kuu. Ukisahau hatua hii, kundi litabaki pambo.

Nikadhani nimemaliza. Usiku mmoja faiba ikakata, TV ikaendelea na katuni kupitia 4G, asubuhi bando lote limekwisha. Nikaipa TV anwani ya kudumu, nikaiandikia kwenye faiawoli sheria ya kupita faiba peke yake. Bado ikavuka! Kumbe laini iliyotajwa kwenye sheria ikifa, pfSense huifuta hiyo laini na kuiacha sheria, kwa hiyo TV inafuata njia kuu. Dawa: System, Advanced, Miscellaneous, weka tiki kwenye "Do not create rules when gateway is down". Halafu chini ya sheria ya TV ongeza nyingine ya kuizuia kabisa, la sivyo itapenya kwenye sheria ya jumla inayofuata, ile inayoruhusu vifaa vyote.

Ukijaribu, usichomoe waya kati ya ruta na faiawoli. Hilo hata mtoto angeligundua. Chomoa ule waya mwembamba wa faiba unaotoka nje. Kwangu Zoom iliganda kidogo, ikaunga tena yenyewe. Ruta zote mbili na faiawoli ziwe kwenye UPS, betri ya akiba umeme ukikatika.

Faiba ikirudi, mawasiliano yaliyokwisha kuanza hubaki kwenye 4G hadi yafungwe. Kikao kikiwa kirefu, mke wangu hutoka na kuingia tena. Tumekubaliana hivyo, maana bando nanunua mimi.