Kabla ya Kubandika Sufuria ya Tangawizi

Pepo za kusi zikianza na mvua za Mei zikitunyeshea hapa Mombasa, kila nyumba ina mtu anayekohoa. Tangawizi hupondwa, ndimu hukamuliwa, jirani naye huja na majani ya muarobaini. Nimelelewa na dawa hizi na bado nazitumia. Ila kabla ya kubandika sufuria, mtazame mgonjwa: ana umri gani, na amekohoa siku ngapi?

Umri natanguliza kwa sababu ya asali. Katika dawa za jikoni, hiyo ndiyo iliyopimwa vizuri zaidi. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichunguza watoto 105 wenye kikohozi cha mafua. Waliopewa asali kabla ya kulala walipata nafuu usiku ule kuliko wasiopewa kitu, kwa maelezo ya wazazi wao. Kwa mtoto mdogo, nusu kijiko cha chai chatosha. Lakini asiyetimiza mwaka asilambishwe kabisa, hata ya kwenye ncha ya kidole. Asali huweza kubeba vijidudu vya botulizimu, ambavyo hukua tumboni mwa mtoto mchanga na kutoa sumu inayolegeza misuli, hata ile ya kupumulia. Bibi zetu wamezoea kuwalambisha wachanga. Nawaomba sana, hapo tuwakatalie kwa adabu. Na ukinunua sokoni Marikiti, uwe na hakika ni asali ya nyuki, si shira ya sukari.

Tangawizi ya moto hutuliza koo, ingawa majaribio yake kwa wenye kikohozi ni machache. Mafuta ya muarobaini usimnyweshe mtoto: yamewahi kuwatia wachanga degedege. Kumfukiza mtoto chini ya shuka sikuungi mkono; akijitikisa tu, maji yamemuunguza.

Sasa siku. Kikohozi kikifika wiki mbili, au kikija na damu, jasho la usiku au kukonda, makohozi yapimwe kifua kikuu. Dawa zake ni za miezi 6, na katika vituo vya serikali hutolewa bure. Kwa mtoto usingoje wiki. Mhesabie pumzi dakika nzima akiwa ametulia: zikifika 50 kwa wa miezi 2 hadi 11, au 40 kwa wa mwaka 1 hadi 5, au mbavu zikibonyea akivuta hewa, mpeleke hospitali usiku uleule.