Funza kwenye embe: namna ya kuandaa sampuli ya DNA ujue ni nzi gani

Wenye miembe Misungwi na Sengerema, na nyie mnaoleta mapera Mwanza mjini, hii inawahusu. Ukipasua tunda ukakuta funza usiishie kusema nzi wa matunda basi, kuna huyu mgeni wa Asia, Bactrocera dorsalis, aliyegundulika Afrika Mashariki mwaka 2003, na kuna wetu wa siku nyingi kama Ceratitis cosyra, na dawa ya mtego inawatenganisha: methili eujenoli inavuta madume ya dorsalis, cosyra haji. Ukimkosea nzi, hela ya mtego imeenda na embe zinaoza vilevile.

Nzi akishakuwa mkubwa usikimbilie DNA, muangalie kwanza. Dorsalis bawa lake ni angavu, lina ukanda mweusi mwembamba ukingoni tu, mgongoni ana mistari miwili ya njano, wakati Ceratitis mabawa yana mabaka mabaka. Kazi ipo kwa funza, hao kwa macho wanafanana mno.

Sasa okota matunda yaliyodondoka na chuma mengine mtini, weka kwenye ndoo yenye mchanga mkavu chini, funga kwa chandarua, kila aina ya tunda ndoo yake. Funza wakitoka, baadhi waache kwenye mchanga wawe nzi, wengine weka kwenye ethano (pombe ya maabara) ya asilimia 95 kwenda juu, iwe nyingi kuliko funza, na kesho yake mwaga uweke mpya maana maji ya mwili wa funza yanaipunguza nguvu. Tafadhali sana msitumie gongo, hata iwe kali vipi haifiki hapo, na formalini ndo kabisa, inaharibu DNA. Lebo andika kwa penseli kwenye kikaratasi uweke ndani ya kichupa, wino wa peni unayeyuka: tarehe, kijiji, aina ya tunda, lilikuwa mtini au chini, na lokesheni ya simu. Hifadhi kwenye friza, usiache kwenye gari juani.

Kabla ya kutuma ulizia TARI Ukiriguru (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo), wako hapo hapo Misungwi, au TPHPA Arusha (Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu), wakuelekeze maabara. Maabara wanachukua kipande cha funza au mguu mmoja tu wa nzi, wanatoa DNA, wanaizidisha kwa PCR (njia ya kunakili DNA mara nyingi) kwenye jini ya COI, ile inayotumika kutambua aina ya mdudu, wanasoma kama herufi 650 hivi za DNA halafu wanalinganisha na BOLD na GenBank, hazina za DNA za mtandaoni. Omba wakupe na faili la mfuatano wenyewe wa hizo herufi. Jibu likisema Bactrocera invadens usishtuke, ndo jina alilopewa 2005, mwaka 2015 wataalamu wakamrudisha kwenye dorsalis, ni yuleyule. Ila likija Ceratitis rosa au fasciventris uliza walitumia nini, hao ndugu COI peke yake haiwatenganishi vizuri, kinatakiwa kipimo kingine cha kuongezea.