Kuipa nchi alama ya haki kulingana na uwezo wake, hatua kwa hatua

Ukifika mwaloni Kibirizi alfajiri ukakuta mabeseni ya dagaa hayajajaa, hutawaita wavuvi wavivu. Utauliza kwanza mwezi ulikuwaje. Usiku wa mbalamwezi taa haiwavuti dagaa kama usiku wa giza, na hilo Kigoma hata mtoto analijua. Hesabu ninayokuonyesha hapa, ya kupima nchi inavyotimiza haki za watu wake kama chakula, inafuata akili hiyohiyo: nchi imevua nini, na usiku wake ulikuwaje?

Chimbuko lake ni Ibara ya 2 ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kitamaduni wa mwaka 1966, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1976. Ibara hiyo inaitaka nchi itimize haki hizi hatua kwa hatua, kwa kutumia rasilimali zote ilizonazo. Watafiti Sakiko Fukuda-Parr, Terra Lawson-Remer na Susan Randolph ndio walioyageuza maneno hayo kuwa hesabu. Unahitaji programu ya majedwali tu. Karatasi ya grafu nayo inatosha.

Hatua ya 1: Chagua haki na kipimo chake. Haki ya chakula, kwa mfano, hupimwa kwa udumavu wa watoto chini ya miaka mitano. Usipime bajeti. Fedha zilizotengwa ni ahadi. Mtoto aliyefikia kimo chake ndiye matokeo.

Hatua ya 2: Geuza kipimo kitazame juu. Utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto nchini wamedumaa, kutoka 34 ya mwaka 2015/16. Wewe andika 70, yaani wasiodumaa. Naikazia hatua hii kwa sababu iliwahi kuniaibisha. Nilisahau kugeuza safu moja, nikasimama mbele ya madiwani na chati iliyoiweka Iringa kileleni. Mama mmoja diwani akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, Iringa si ndiko tunakoambiwa watoto wamedumaa kuliko kwingine?" Kweli: karibu asilimia 57, katika mkoa unaolima chakula kwa wingi. Tangu siku hiyo kila safu naiandikia juu yake "kikubwa ni kizuri" kabla sijajaza namba hata moja.

Hatua ya 3: Tafuta kipato. Chukua pato la taifa kwa kila mtu, lililorekebishwa kwa uwezo wa kununua, kutoka Benki ya Dunia. Mwaka wake ulingane na mwaka wa kipimo chako.

Hatua ya 4: Chora mpaka wa juu. Huu ndio moyo wa kazi, usiukimbie. Kipato kiwe mstari wa chini, kipimo kiwe wima. Weka nukta za nchi zote unazoweza kupata, za miaka mingi, kisha pitisha mkunjo juu ya nukta za nje kabisa. Mkunjo huo unasema: kwa kipato hiki, kuna nchi iliyowahi kufika hapa. Hakuna anayedaiwa muujiza. Nukta moja ikiruka peke yake juu ya wenzake, ikague kwanza. Mara nyingi ni kosa la uandishi, na mpaka ukiegemea hapo utawaonea wote.

Chini nako weka sakafu, yaani kiwango duni kuliko vyote vilivyowahi kuonekana.

Hatua ya 5: Piga hesabu. Toa sakafu kwenye kiwango cha nchi. Toa sakafu kwenye mpaka wa juu wa kipato chake. Gawanya jibu la kwanza kwa la pili, zidisha kwa 100.

Namba hizi nimezitunga za mazoezi tu. Sakafu ni 40. Nchi A, maskini, ina 70 na mpaka wake ni 85: 30 kwa 45, alama 66.7. Nchi B, yenye nacho, ina 76 na mpaka wake ni 97: 36 kwa 57, alama 63.2. B ina watoto wengi zaidi wenye afya, lakini A ndiyo imejituma zaidi kwa kidogo ilichonacho. Ukiambiwa hesabu imekosewa, warudishe Kibirizi.

Hatua ya 6: Unganisha. Wastani wa vipimo hutoa alama ya haki moja. Wastani wa haki zote hutoa alama ya nchi. Mimi huonyesha kila haki peke yake kwanza, maana wastani hufunika kidonda.

Hatua ya 7: Shuka mikoani. Hapa watu hugombana. Je, Kigoma ipimwe kwa kipato cha Kigoma? Nakataa. Aliyejiunga na mkataba ni Jamhuri, na kodi hukusanywa na kugawanywa na Jamhuri, kwa hiyo Kigoma, Tabora na Dar es Salaam zote nazipima kwa mpaka wa kipato cha taifa. Ukitumia kipato cha mkoa, unaupa mkoa uliosahauliwa alama nzuri kwa sababu tu umesahauliwa.

Ukichapisha kwa ajili ya kikao cha kata, tumia ukurasa mmoja, safu tatu: tulipo, tunapoweza kufika kwa kipato chetu, na mwaka wa takwimu. Safu ya katikati ichapishe kwa wino mzito, ndiyo watakayoiulizia.